Namibia kwa Gari Unaloendesha Mwenyewe: Hesabu Saa za Mwanga

Ukiitazama Namibia kwenye ramani, safari inaonekana nyepesi. Windhoek iko katikati. Kusini-magharibi kuna jangwa la Namib na milima yake ya mchanga mwekundu, magharibi kuna Atlantiki na miji ya Swakopmund na Walvis Bay, kaskazini kuna Etosha, hifadhi ya wanyama inayojulikana kuliko zote nchini humo. Mtu anachora duara, anajumlisha kilomita elfu mbili na ushei, anagawanya kwa mwendo wa kilomita mia moja kwa saa, kisha anatangaza kwamba siku tano zinatosha. Hesabu hiyo ndiyo inayowatia watu mashakani, na ninakuomba uitupe kabla hujalipia gari.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumezoea jua lisilobadili tabia: linatoka saa kumi na mbili na linazama saa kumi na mbili, Januari sawa na Julai. Namibia iko mbali kusini. Windhoek mwishoni mwa Juni, katika msimu ambao wageni wengi huenda, jua huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili na robo jioni. Mwanga wa siku nzima haufiki saa kumi na moja. Toa humo muda wa kufungasha hema, kunywa chai, kujaza mafuta, kusimama kwa ajili ya picha, kubadilisha tairi ikibidi, na kufika kambini kukiwa bado kunaonekana. Kinachobaki kwa kuendesha ni saa tano au sita za utulivu.

Usifikirie kufidia upungufu huo kwa kuendesha usiku. Nje ya miji hakuna taa wala ua wa kuzuia wanyama katika sehemu nyingi za barabara, na usiku tandala, choroa, ngiri, punda na ng'ombe huja kando ya barabara au kusimama katikati yake. Tandala dume ana miguu mirefu na uzito wa kilo mia mbili na zaidi. Akigongwa, mwili wake hupita juu ya boneti na kuingia kupitia kioo cha mbele. Ndiyo maana mikataba mingi ya kukodi magari huko inakataza kuendesha nje ya mji baada ya jua kuzama, na atakayepata ajali saa hizo huambiwa bima haimhusu.

Kwa hiyo panga siku kwa mwanga. Kwenye barabara ya changarawe, kilomita 300 hadi 350 ni siku kamili ya kazi. Lala usiku mara mbili kila kituo ili siku moja iwe ya barabara na nyingine ya kuona ulichokifuata. Duara la Windhoek, Sossusvlei kwenye ile milima ya mchanga, Swakopmund, eneo la Damaraland na Etosha linataka siku kumi na mbili. Ukiwa nazo kumi litawezekana kwa kujibana. Mwenye wiki moja aache kitu. Na hapa nitasema wazi ninavyoona: kama nyumbani una Serengeti, Tsavo au Maasai Mara, na una wiki moja tu, acha Etosha, ulale zaidi jangwani na pwani, kwa kuwa huko ndiko kuna vitu usivyoweza kuviona kwingine.

Mambo ya karatasi ni mepesi, ila yana mitego yake. Waulize ubalozi kuhusu viza ya pasipoti yako, maana masharti yalibadilika mwaka 2025 kwa mataifa mengi, hasa ya Ulaya na Marekani. Ndugu zetu wenye pasipoti za huko wasitegemee habari za zamani. Chukua kadi ya njano, kwa sababu anayetoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano ataulizwa. Leseni iwe ya Kiingereza. Ya Kifaransa iambatane na leseni ya kimataifa. Namibia inaendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Anayetoka Bukavu, Bujumbura au Muscat amezoea kulia, na hatari yake haiko kwenye lami ya mji yenye magari mengi. Iko kwenye barabara tupu ya jangwani, baada ya kusimama kwa chai, pale mtu anapoondoka na kushika upande wa mazoea bila kujua. Msafiri wa pembeni apewe kazi ya kusema "kushoto" kila mnapoondoka. Watanzania na Wakongomani wakumbuke pia kuonyesha pasipoti kwenye mageti ya hifadhi, kwa sababu raia wa SADC hulipa kiingilio pungufu kuliko wageni wengine.

Sasa gari. Wengi huuliza kama fowili, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, ni lazima. Katika kiangazi, gari la kawaida lililoinuka kidogo litakufikisha karibu kila mahali kwenye duara hili. Lakini ukitaka kulala kambini, na kambi za Namibia ni safi, pana na za bei ya chini kuliko hoteli, basi Toyota Hilux au gari la aina hiyo lenye hema juu ya paa, friji ndogo na jiko la gesi litakuokolea fedha nyingi. Jambo moja usilipunguze hata ukiambiwa bei itashuka: matairi mawili ya akiba. Changarawe ya huko ni mawe yenye ncha, na mahali ambapo tairi la kwanza limepasuka ndipo la pili hupasukia, kilomita mia kutoka kwa fundi yeyote.

Soma mkataba wa bima ukiwa bado nyumbani. Tafuta mistari inayotaja vioo, matairi, chini ya gari, dhoruba ya mchanga na maji. Tafuta zaidi mstari unaosema gari likipinduka peke yake bila kugongana na jingine, nani analipa. Hizo ndizo ajali za wageni katika nchi hiyo, na kwenye bima za bei ndogo mara nyingi hazimo. Weka dhamana kwa kadi ya benki yenye nafasi ya kutosha, kwa kuwa fedha inayozuiwa ni kubwa.

Siku ya kukabidhiwa gari usiwe na haraka hata kama mwenye gari anayo. Mwombe akuonyeshe jeki, kisha wewe mwenyewe uitoe, uifungue, uirudishe. Fanya hivyo kwa spana ya magurudumu: iingize kwenye nati moja ya kila gurudumu uone kama inashika, maana zipo spana zisizolingana na nati za gari zilimowekwa. Tairi la akiba linaloning'inia chini ya boksi la nyuma hushushwa kwa fimbo maalumu. Lishushe mara moja hapo hapo kwenye sakafu safi, ili siku utakapolihitaji usiwe unajifunza ukiwa umelala juani. Piga magoti usome ubavu wa kila tairi. Kuna tarakimu nne ndani ya duara dogo: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi la miaka saba lenye kashata nzuri bado ni tairi la kukataa. Ulizia kipimo cha upepo na pampu inayochomekwa kwenye umeme wa gari. Omba pia kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, kwa sababu kwenye mchanga jeki huzama kabla gari halijainuka. Piga picha kila mkwaruzo, kila alama ya jiwe kwenye kioo, pamoja na namba ya mafuta na ya kilomita.

Barabara za Namibia zimepangwa kwa herufi. Zile za B, kama B1 inayotoka kusini hadi kaskazini na B2 inayokwenda pwani, ni lami nzuri sana, nyembamba na isiyo na bega pana, zenye kikomo cha kilomita 120 kwa saa. Za C nyingi ni changarawe, na za D ni changarawe tupu. Kisheria changarawe inaruhusu hadi 100 kwa saa. Wenye magari wengi huandika 80 kwenye mkataba, na gari lina kifaa kinachorekodi. Hiyo 80 nayo ni kwa barabara iliyopitiwa na greda karibuni. Penye kona, penye mlima usioona ng'ambo yake, au penye korongo la mto mkavu, shuka hadi 50.

Dereva wa Afrika Mashariki huwa na imani kwamba barabara ya vumbi anaijua. Anaijua yenye mashimo, inayomlazimisha kwenda polepole. Hii ya Namibia ni pana, imenyooka, haina mtu, na ukubwa wake ndio unaodanganya. Juu yake kuna kokoto zilizolegea zinazoviringika chini ya tairi. Ukiwa kwenye 100, gari halishiki ardhi sawasawa, ila wewe hujui mpaka utakapohitaji kukata kona au kukwepa mnyama. Hapo ndipo mkia wa gari unaanza kucheza. Anayekanyaga breki na kuzungusha usukani kwa nguvu hupinduka. La kufanya ni kuondoa mguu kwenye mafuta taratibu, kushika usukani kwa utulivu kuelekea unakotaka kwenda, na kuliacha gari lipunguze lenyewe. Mnyama mdogo akijitosa mbele, shika breki kwa kiasi na usitoke barabarani. Ni uchungu kumgonga sungura, ila watu wamekufa kwa kumkwepa.

Upepo wa matairi ni nusu ya usalama. Mafundi wetu huhesabu kwa psi, huko utasikia bar. Bar moja ni karibu psi 14.5. Kwenye lami gari la aina hiyo huhitaji bar 2.2 na zaidi kidogo, kwenye changarawe 1.8 hadi 2, na kwenye mchanga mzito chini kabisa, kama 1.2. Mwenye gari akupe vipimo vyake kulingana na mzigo, uviandike na kuvibandika kwenye dashibodi. Tairi lililopunguzwa upepo hulala juu ya jiwe badala ya kupasuliwa nalo, na mawimbi madogo madogo ya barabara, yale yanayotingisha gari mpaka meno, hupungua makali. Lakini tairi laini likikimbizwa kwenye lami hupata joto na kuchanika, kwa hiyo rudisha upepo mara unapofika kwenye lami.

Gari likija mbele yako kwenye changarawe, punguza mwendo na usogee kushoto. Vumbi lake litakufunika kwa sekunde kadhaa na mawe yataruka. Washa taa mchana kutwa. Usipite gari lingine ndani ya vumbi lake hata kama limekuchosha. Subiri upepo ulisogeze vumbi pembeni uone mbele.

Kutoka Windhoek kwenda Sesriem, lango la Sossusvlei, ni kilomita zipatazo 320 hadi 350 kutegemea njia. Ukipita mteremko wa Spreetshoogte utaona nchi yote ya jangwa imetandazwa chini yako, lakini ni mkali mno: tumia gia ndogo na usivute tela. Kituo cha mafuta cha Solitaire kiko njia panda, na kila dereva mwenye busara hujaza hapo hata kama tangi liko nusu. Ishike kama sheria ya nchi hii nzima: unapoona pampu, jaza.

Sossusvlei iko ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft, na bahari ya mchanga ya Namib iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2013. Lango la nje hufunguliwa jua likichomoza. Kutoka hapo kuna kilomita 60 za lami hadi mwisho, kisha kilomita tano za mchanga mzito. Aliyelala nje ya lango hufika milima ya mchanga jua likiwa tayari juu na vivuli vimekwisha. Aliyelala kwenye kambi iliyo ndani ya lango huruhusiwa kuondoka takriban saa moja kabla. Kwa hiyo fedha yako ya ziada, kama unayo, iweke hapa. Weka nafasi miezi mingi kabla, kwa sababu kambi za ndani ni chache.

Zile kilomita tano za mwisho ziheshimu. Hata mwenye fowili, kama hajazoea mchanga, apande gari la hifadhi linalosomba watu. Ukiamua kuendesha mwenyewe, punguza upepo kwanza, weka fowili kabla hujaingia, nenda kwa mwendo mmoja bila kusimama, na ukinasa usikanyage mafuta: kila mzunguko wa gurudumu unachimba. Shuka, ondoa mchanga mbele na nyuma ya matairi kwa koleo, punguza upepo tena, rudi nyuma kwa njia uliyojia.

Mlima wa mchanga unaoitwa Big Daddy una zaidi ya mita 300. Upande mwingine wake kuna Deadvlei, sakafu nyeupe ya udongo mkavu yenye migunga iliyokufa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Mto Tsauchab ulizibwa na mchanga, miti ikakosa maji, na hewa ni kavu kiasi kwamba haikuoza. Imebaki imesimama, myeusi mitupu. Usiiguse wala kuegemea. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu hata kwa matembezi haya mafupi, na uwe umerudi garini kabla ya saa nne na nusu asubuhi, maana baada ya hapo mchanga unaunguza hadi ndani ya viatu.

Kutoka Sesriem hadi pwani ni siku nzima kwenye barabara ya C14, ukipita makorongo ya Gaub na Kuiseb. Nenda umevaa tabaka mbili za nguo. Hili nawaambia hasa watu wa Mombasa, Tanga na Unguja, ambao neno pwani kwao lina maana ya joto na kanga. Pwani ya Namibia inapigwa na mkondo wa Benguela, maji baridi yanayopanda kutoka kusini. Hewa ya baharini hupoa juu yake na kugeuka ukungu unaoingia nchi kavu makumi ya kilomita. Asubuhi ya Swakopmund ni ya kijivu, yenye unyevu na baridi, hata kama jana yake mlikuwa mnakaangwa na jua. Ukungu huo ndio uhai wa jangwa: kuna mbawakawa wanaosimama kichwa chini kwenye kilele cha mchanga ili matone yatiririke hadi mdomoni. Mmea wa welwitschia, wenye majani mawili tu yanayorefuka maisha yake yote na kuchanwachanwa na upepo, unaweza kuishi zaidi ya miaka elfu. Njia ya kuuona inaanzia karibu na Swakopmund na inahitaji kibali, kinachopatikana ofisi ya wizara pale mjini. Usikanyage ardhi inayouzunguka, na usitoke nje ya njia kwa gari mahali popote pwani hii. Alama ya tairi kwenye tambarare za changarawe hubaki kwa miongo mingi.

Walvis Bay, kilomita zaidi ya thelathini kusini, ina heroe kwa maelfu kwenye maji ya kina kifupi. Mji huo ulibaki mikononi mwa Afrika Kusini hadi 1994, miaka minne baada ya uhuru wa Namibia.

Swakopmund inapendeza kwa nyumba zake za Kijerumani, na ndiyo maana nakusihi utenge saa moja kwenda makaburi ya mji. Upande unaopakana na jangwa kuna vichuguu vya mchanga visivyo na majina. Ni makaburi ya Waherero na wenzao waliokufa kwenye kambi za mateso za Wajerumani katika mauaji ya kimbari ya 1904 hadi 1908. Lothar von Trotha, jenerali aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mwaka 1904, alikuwa ameshika uongozi wa jeshi la kikoloni katika Afrika Mashariki ya Wajerumani miaka ya 1890, na wakati kambi hizo zikiendelea, vita vya Maji Maji vilikuwa vikizimwa kwa njaa na moto kusini mwa Tanganyika. Mtanzania hasimami pale kama mgeni. Kuna uhusiano mwingine wa furaha zaidi: wapiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, walipata kambi yao Kongwa, Dodoma, miaka ya 1960. Ukikutana na mzee aliyepita huko, msalimu shikamoo, huenda akaitikia.

Kaskazini ya Swakopmund barabara ya C34 inafuata bahari hadi Cape Cross, kwenye kundi kubwa la sili na mahali ambapo Mreno Diogo Cão alisimamisha msalaba wa jiwe katika miaka ya 1480. Harufu ya sili ni kali kupita maelezo, jifunge leso. Sehemu za barabara hiyo zimeshindiliwa kwa chumvi. Ikikauka ni laini kama lami, ikiloweshwa na ukungu ni utelezi wa sabuni, kwa hiyo asubuhi nenda polepole na uache umbali mrefu nyuma ya gari lililo mbele. Anayepita moja kwa moja ndani ya hifadhi ya Skeleton Coast achukue kibali na awe ameingia mapema mchana, maana mlinzi wa geti humkatalia aliyechelewa. Ni sheria ya huruma: anayepita tu hana pa kulala njiani.

Damaraland haitaki maneno mengi, inataka muda. Twyfelfontein ina michoro iliyochongwa kwenye mawe na wawindaji wa kale, nayo ilikuwa sehemu ya kwanza ya Namibia kuingia Urithi wa Dunia, mwaka 2007. Ingia na mwongozaji wa hapo hapo asubuhi kabla mwamba haujapata joto. Tembo wa jangwani hutembea kwenye mito mikavu ya Huab na Ugab, na usiwafuate peke yako kwa gari la kukodi: mchanga wa mtoni ni mzito, na tembo aliyebanwa kati ya kingo hana pa kwenda ila juu yako. Lipa waongozaji wa jumuiya. Tangu sheria ya 1996, wenyeji wanaruhusiwa kuunda hifadhi zao za jamii na kupata mapato ya wanyama wanaoishi nao. Fedha unayoacha hapo inamfikia mtu ambaye tembo huyo huyo amekunywa maji ya tangi lake. Usipige kambi ndani ya mto mkavu hata mbingu ikiwa nyeupe. Mvua ya mbali inaweza kuleta maji usiku, na tembo hutumia mto kama barabara.

Katika eneo hili simu hupotea kwa saa nyingi. Nunua laini ya simu kule Windhoek, pakua ramani inayofanya kazi bila intaneti, na usiamini muda inaokupa kwa barabara za changarawe. Ongeza nusu yake. Kila asubuhi mwambie mtu wa kambini unakoelekea. Garini kuwe na lita tano za maji kwa kila mtu kwa kila siku, pamoja na akiba ya siku mbili. Gari likiharibika kaa nalo. Anayetafuta watu jangwani huona gari kwanza, na kivuli chake ndicho hema lako.

Etosha ina zaidi ya kilomita za mraba 22,000, kubwa kuliko Serengeti, na karibu kilomita 4,800 za mraba kati ya hizo ni tambarare nyeupe ya chumvi ambayo haina hata majani. Uendeshaji wake ni tofauti na tulivyozoea nyumbani, ambako dereva wa safari husikia kwenye redio kwamba kuna simba na magari yote yanakimbilia. Hapa kikomo ni 60 kwa saa na hutoki garini ila kwenye kambi na vyoo vilivyozungushiwa ua. Katika miezi mikavu, Juni hadi Oktoba, maji yako kwenye vidimbwi na chemchemi chache tu, na kila mnyama lazima aje. Kwa hiyo acha kuzunguka. Chagua dimbwi moja, egesha jua likiwa nyuma yako, zima injini, fungua dirisha, kaa saa mbili. Utaona utaratibu mzima: punda milia wanakuja kwa mstari na kusita, choroa wanawapisha, tembo weupe kwa vumbi wanafika na wote wanaondoka. Acha njia ya tembo kwenda majini iwe wazi, na gari lielekee upande unaoweza kuondokea bila kurudi nyuma.

Kambi ya Okaukuejo ina dimbwi lenye taa nje ya ukuta, ambako faru weusi huja usiku. Halali ina jingine. Lala kwenye kambi hizo mbili au Namutoni badala ya nje ya mageti, kwa sababu ile ile ya Sesriem: geti hufungwa jua likizama, na aliyelala nje hutoka wakati mambo yanaanza. Okaukuejo hadi Namutoni ni kama kilomita 140, umbali ambao kwa mwendo wa kusimama simama unakula siku nzima. Jaza mafuta Outjo au Tsumeb kabla ya kuingia. Mjue pia kwamba Wahai‖om waliishi katika ardhi hii na walifukuzwa miaka ya 1950. Mkipata mwongozaji wa kabila hilo, mtasikia majina ya vidimbwi yaliyokuwapo kabla ya mageti.

Nyama mbichi usivuke nayo ua wa mifugo, ule mstari unaokata nchi kutoka magharibi hadi mashariki kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo. Ukitoka kaskazini kwenda kusini askari watafungua friji na kuichukua. Kula yote kabla. Msomaji Mwislamu anunue mahitaji yake Windhoek, kwenye maduka makubwa, akiangalia alama ya halali, kwani huko vijijini chaguo ni dogo. Jiko lako mwenyewe kambini litakurahisishia. Fedha ya Namibia ina thamani sawa na randi na randi inapokelewa kote, ila chenji ya dola ya Namibia imalize kabla ya kuondoka, maana nje ya nchi ni vigumu kuibadilisha. Beba taslimu ya mafuta kwa vituo vya mbali ambako mashine ya kadi hukataa.

Siku ya mwisho ni ya lami kutoka Etosha hadi Windhoek, zaidi ya kilomita 400, na ndiyo siku ambayo watu husinzia. Rudisha upepo wa matairi kabla ya kuanza. Badilishaneni usukani Otjiwarongo. Uwanja wa ndege wa Hosea Kutako uko kilomita 45 nje ya mji, mashariki, kwenye barabara inayovukwa na tandala na ngiri. Kama ndege yako ni ya alfajiri, rudisha gari jana yake kukiwa na mwanga, wakague mkiwa wote mpo na picha zako mkononi, usaini, kisha ulale karibu na uwanja au uchukue teksi.